Kutoka Irente unaiona Mazinde

Wiki iliyopita nilipotea kwa sababu nilikuwa milimani. Sisi wa Tanga mjini tuna kaugonjwa fulani. Milima ya Usambara tunaiona kwa mbali siku kukiwa hakuna mawingu, lakini mwambie mtu unakwenda kupanda mlima kutazama tu, atakuuliza: "Kuna msiba?" Mwenzangu mmoja chumba cha habari aliniuliza hivyo hivyo. Eti mambo ya kubeba begi mgongoni ni ya Wazungu!

Basi, nilishuka Mombo, nikapanda gari la Lushoto, kona baada ya kona hadi Soni na kuendelea. Asubuhi yake tukaanza kutembea kwenda Irente, mimi na rafiki yangu mmoja. Kumbuka sisi tumevaa raba na tunahema. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akatupita kama amesimamishiwa basi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu, tunakwenda kuangalia Mazinde."

Akacheka mpaka kuni zikatikisika. "Mazinde ipo, haijahama!"

Ipo kweli. Unafika kwenye mwamba, ardhi inakatika, na kama mita elfu moja chini yako unaiona Mazinde, barabara kuu, na nyika inayokwenda mpaka macho yanachoka. Semboja, mtoto wa Kimweri ya Nyumbai, aliishi huko chini. Mji mkuu wa Wakilindi ulikuwa Vuga, huku juu milimani, lakini Semboja alikaa bondeni ilikopita misafara ya biashara. Baba yake alipofariki mwaka 1862, watu wa bondeni wenye bunduki wakaja kuisumbua Vuga. Ukisimama pale juu unaelewa mara moja: mwenye njia alimshinda mwenye mlima.

Ila mimi macho yangu yalinasa kwenye mkonge. Mistari imenyooka kama imepigwa rula, kijani safi, inapendeza kweli. Rafiki yangu akasema ni kama zulia. Nikanyamaza. Babu yangu mzaa baba alitoka Songea akaja kukata zulia hilo. Alikuwa manamba. Mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, nchi ikazalisha zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964, ulikatwa jani moja moja, yakafungwa mafungu ya majani thelathini. Na kipande kilikuwa siku thelathini za kazi. Siku usiyomaliza kazi haikuhesabiwa. Babu alikuwa na jicho moja. La pili lilichomwa na mwiba wa ncha ya jani, na hadithi hiyo aliisimulia kwa sentensi moja tu, kisha anaomba maji.

Sisemi msiende. Nendeni jamani, nauli si kubwa na hewa ya kule ni ya bure. Vijana wengi tunaijua Paris kwa picha na hatuijui Lushoto.

Niliporudi nilimwonyesha baba picha zangu. Za mwamba alizipita haraka. Ile ya mkonge aliishika muda mrefu, akaisogeza karibu na dirisha, akauliza kambi iko upande gani.

Kutoka juu kambi haionekani.