Kinachosafiri na Rekodi

Lukole, kambi ya wakimbizi wa Burundi wilayani Ngara, tulijulikana kwa bloku. Kambi ilipofungwa, bloku ilifutika. Mama alikuwa ametukaririsha jina la baba na la kilima chetu. Hayo tuliondoka nayo.

Siku hizi nahamisha programu za COBOL za benki kutoka meinifremu kwenda Linux. Kule rekodi hupangwa ndani ya bloku, na mfumo hukumbuka mipaka. Linux huona mfululizo wa baiti tu. Rekodi zenye urefu tofauti zikinakiliwa bila zile baiti 4 zinazoitangulia kila moja kutaja urefu wake, jina la mteja mmoja huangukia akiba ya mwingine.

Bloku naiacha huko. Urefu lazima usafiri na rekodi yake.