Keko, Jirani ya Algeria

Ukishuka Keko, harufu ya mbao ndiyo inayokupokea. Kando ya Barabara ya Chang'ombe mninga na mkongo hupigwa randa na msasa hadharani, na vitanda vilivyokwisha kupakwa vanishi vimesimamishwa wima vikauke. Anayeoza binti au kuhamia nyumba mpya hapa Dar es Salaam, mara nyingi safari yake huishia kwa mafundi hawa. Wanakaribisha kwa upole: tazama tu, dada, kuangalia hakuna bei. Walio mbali hulijua Keko kwa gereza lake, na hilo linaniuma, kwa sababu huu ni mtaa wa kazi na ufundi.

Mimi nalipenda pia kwa majirani zake. Tembea kidogo kuelekea Chang'ombe, utaufikia Uwanja wa Uhuru, ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa tarehe 9 Desemba 1961. Hapo ndipo Algeria hunijia akilini. Miezi saba baadaye, tarehe 5 Julai 1962, nayo ilijitawala. Lakini sisi tulizungumza mezani; wao walipigana tangu 1 Novemba 1954 chini ya chama cha FLN, wakapoteza watu kwa mamia ya maelfu, ili kuuondoa utawala wa Ufaransa uliodumu miaka 132.

Algeria ndiyo nchi kubwa kuliko zote Afrika tangu Sudan igawanyike mwaka 2011, zaidi ya Tanzania mara mbili na nusu, ingawa sehemu kubwa ni Sahara na watu wamejazana pwani ya Mediterania. Mafuta na gesi ndivyo vinavyoilisha. Kiarabu na Kitamazight ndizo lugha rasmi.

Haikujifungia na uhuru wake. Samora Machel na wenzake wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walipitia Dar es Salaam, wakaenda kufunzwa vita Algeria, kisha wakarudi kufungua kambi ya Kongwa hapa Tanzania. Kurasini, jirani ya Keko upande wa bandari, vijana wa Msumbiji walisomeshwa kwenye taasisi yao. Tanzania na Algeria ziliketi pamoja katika Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), iliyokuwa na makao yake hapa mjini.

Siasa za ndani zilitutenganisha. Ben Bella, rais wao wa kwanza, alipinduliwa na Boumédiène mwaka 1965. Mwaka 1992, sisi tukirejesha vyama vingi kwa sheria, jeshi la Algeria lilisimamisha uchaguzi ambao chama cha Kiislamu kilikuwa kinaushinda, na damu ikamwagika karibu miaka kumi. Mwaka 2019 umma uliingia barabarani kwa amani, wiki baada ya wiki, hadi Rais Bouteflika akajiuzulu baada ya miaka 20 madarakani. Nauheshimu sana umma ule.

Hata katika soka tumekutana: kando ya Uwanja wa Uhuru upo Uwanja wa Benjamin Mkapa. Tarehe 28 Mei 2023, USM Alger ya Algeria waliifunga timu yetu ya Yanga humo 2-1, katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Marudiano yalichezwa Algiers tarehe 3 Juni: Yanga walishinda 1-0, lakini kombe lilibaki kule kwa mabao ya ugenini. Uwanja wenyewe unaitwa 5 Julai 1962.