Nakuru yawauliza Wanajeshi: Mtarudi lini?

Ukitaka kwenda Nakuru, msomaji mpenzi, panda matatu pale Nyamakima asubuhi na mapema, na umwombe utingo akupe kiti cha dirishani upande wa kushoto. Usikubali kuwekwa kulia. Mkishapita Rironi na barabara ianze kuteremka, Bonde la Ufa litajifungua lote kushoto kwako: Mlima Longonot kwanza, kisha Ziwa Naivasha, na baadaye Elmentaita lililolala kama sinia la bati juani. Wa kulia wataona ukuta wa mawe na migomba ya watu.

Safari ni ya kilomita 160 hivi. Ukiwa na familia, tengeni fedha za nyama pale Kikopey, kwani moshi wa zile choma huingia ndani ya gari na hakuna mtoto atakayenyamaza mkipita bila kusimama. Kutoka hapo ni Mbaruk, Lanet yenye kambi ya jeshi, Free Area, na tayari mko Nakuru, mji uliotangazwa kuwa jiji Desemba 1, 2021.

Wageni wengi huenda Nakuru kutazama heroe ziwani au kusimama ukingoni mwa Menengai. Mambo hayo ni mazuri, nami siwakatazi, ingawa maji ya ziwa yalipofurika miaka ya karibuni heroe wengi walihamia Bogoria. Mimi nilikwenda kwa sababu nyingine. Ilikuwa Agosti, ligi ikiwa bado haijaanza, na kila Agosti mjomba wangu hufungua daftari lake.

Mjomba anaishi Kivumbini, na ukifika wakati wa kiangazi hutauliza jina hilo limetoka wapi. Alikuwa mfanyakazi wa reli hadi alipostaafu. Ni shabiki wa Ulinzi Stars, timu ya majeshi yetu, na hilo peke yake linahitaji maelezo, maana mashabiki wa Ulinzi ni wachache kama meno ya kuku. Watu wa Nakuru wana Gor Mahia yao na AFC Leopards yao kama Wakenya wengine. Nakumbuka nikiwa kijana, siku Gor walipokuja Afraha, mji mzima ulivaa kijani, na sisi wenye uwanja tukabanwa pembeni pamoja na askari walioletwa na malori. Tulikuwa wageni kwetu.

"Sasa kwa nini hukuchagua timu yenye watu?" nilimuuliza mara moja.

"Nilikuwa nayo," alinijibu. "Ilikufa."

Alikuwa akisema juu ya Nakuru AllStars, na hapa, msomaji, nakuomba uketi vizuri, kwa sababu wanafunzi wengi hawajui jambo hili. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1963, bingwa wa kwanza hakutoka Nairobi wala Mombasa. Alitoka Nakuru. AllStars walilitwaa tena taji mwaka 1969, mjomba akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Kisha timu ikafifia. Jina hilo lilifufuliwa na klabu mpya mwaka 2010, ikapanda hadi Ligi Kuu msimu wa 2015, na mwaka huohuo ikashuka. Mjomba alikwenda kuwatazama, akapiga makofi kwa adabu, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kuolewa kwingine.

Ulinzi iliundwa mwaka 1995, na ilipofanya Nakuru kuwa nyumbani ikampa mjomba sababu ya kupiga pasi shati siku ya mechi. Ilishinda ligi mara tatu mfululizo, 2003, 2004 na 2005, na tena 2010. Mataji manne, nayo makombe hayo yaliuchangamsha mji ambao wakubwa wa Nairobi waliukumbuka kwa mikutano ya siasa tu. Uhuru Kenyatta na William Ruto walitangaza muungano wao Afraha Desemba 2012, na Aprili 2016 wakarudi palepale kwa ibada ya shukrani baada ya kesi za The Hague kuanguka. Nyasi za uwanja ule zimekanyagwa na mengi kuliko gozi.

Basi, daftari. Ni daftari la kawaida la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mjomba amelichora safu nne: lango, ulinzi, kiungo, ushambulizi. Majina huyaandika kwa penseli, na hayapitishi wino hadi baada ya mechi tano za kwanza. Kila safu huipa alama kwa kumi, kama mwalimu.

Tuliketi nje ya mlango na chai ya maziwa, naye akaanza kuisahihisha timu. Nikagundua kwamba hakadirii kikosi chake kama ninavyokadiria mimi au wewe. Shabiki wa Gor wakati huu wa mwaka huuliza: nani amekuja? Kuna Mganda mpya? Kuna Mtanzania? Mjomba huuliza: nani amebaki?

Maana Ulinzi haisajili kama timu nyingine. Mchezaji wake ni mwanajeshi. Kijana mwenye kipaji huandikwa jeshini, hupelekwa Eldoret kufanya mafunzo kama kuruta yeyote, hukimbia na bunduki, hulala na kuamka kwa amri, na baadaye ndipo huvaa jezi. Mgeni wa nchi nyingine hawezi kuingia kwa njia hiyo, kwa hiyo Ulinzi ni timu ya Wakenya watupu. Na ukimwona chipukizi mzuri leo, usitarajie kumwona uwanjani wiki ijayo.

Hapo ndipo nguvu zao zilipo, na hapo ndipo udhaifu wao ulipo pia.

Lango mjomba alilipa alama nane. Ulinzi, namaanisha safu ya nyuma, akaipa nane vilevile. Sababu yake ilikuwa ya mtu wa reli: walinzi waliocheza pamoja miaka minne hawahitaji kupigiana kelele, kama mafundi wawili wanaonyanyua taruma moja. Timu nyingine hubadilisha nusu ya kikosi kila msimu. Hawa hula meza moja mwaka baada ya mwaka. Alinitajia Geoffrey Kokoyo, aliyekuwa nahodha na beki kwa muda mrefu, kama mfano wa mtu ambaye hukuwa na haja ya kutafuta jina lake kwenye orodha mpya.

Kiungo: saba. Hapa tulibishana kidogo. Nilimwambia timu ya Ulinzi hukimbia sana na kufikiri kidogo. Akaniambia nitazame dakika ishirini za mwisho za mechi zao, wakati wengine wameshika viuno. Kweli, siwezi kukana. Pumzi za jeshi si pumzi za kununua. Na zamani, timu ya Pwani ilipopanda kutoka usawa wa bahari hadi Nakuru, mita 1,850 na zaidi angani, ilikuwa inaomba maji kabla ya mapumziko. Mjomba hucheka hadi leo akikumbuka.

Ushambulizi akaupa nne. Penseli ilikwama hapo kwa muda.

"Nne, mjomba?"

"Nne na nusu, kwa sababu umekuja."

Anayo haki ya kusononeka. Mwaka 2011 mfungaji bora wa ligi alikuwa Stephen Waruru, akivaa jezi ya Ulinzi. Mwaka 2016 akawa John Makwatta, wa Ulinzi vilevile. Lakini mshambulizi anayefunga huonwa na macho mengi. Makwatta baadaye alikwenda kucheza Zambia. Winga Samuel Onyango aliondoka akaenda Gor Mahia. Klabu ya kawaida ikiuza mfungaji hupewa fedha na kununua mwingine kabla dirisha halijafungwa. Jeshi haliwezi kwenda sokoni hivyo; pengo hukaa wazi hadi kuruta mwingine amalize mafunzo yake. Ndiyo maana tangu 2010 tumekaa bila taji. Na kilichomuumiza mjomba zaidi ni mwaka 2025, ubingwa ulipokwenda kwa Kenya Police kwa mara ya kwanza, chini ya kocha kutoka Burundi, Etienne Ndayiragije. Polisi! Anasema angevumilia mtu yeyote, lakini si polisi.

Lakini kulikuwa na safu ya tano ambayo sikuwahi kuiona katika daftari hilo. Aliichora mwaka timu ilipohama. Ameiandika "Nyumbani", na chini yake kuna sifuri.

Tulitembea hadi Afraha alasiri. Si mbali, ukitokea katikati ya mji utafika kwa miguu kabla hujamaliza mfuko wa njugu. Kaskazini Menengai inakutazama, ule mlima usio na kilele, uliomeguka ndani ukaacha shimo la kilomita 12 kwa 8. Uwanja ulipofungwa ili ujengwe upya, Wanajeshi walihamia Nairobi, kwenye uwanja wao wa Ulinzi Sports Complex kule Lang'ata. Mjomba alisimama nje ya ukuta, mikono nyuma. Alinionyesha alipokuwa akikaa, alipokuwa mama wa mayai ya kuchemsha, na alipoangukia yule bwana aliyeshangilia goli la kuotea. Hakuna mtu aliyekuja Kivumbini kumweleza kwamba timu inaondoka. Alisikia redioni, akiwa amekwisha kupiga pasi shati.

Haya yote, msomaji, yangekuwa mazungumzo ya wazee kama si mpwa wangu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Kaptembwo, ana miaka kumi na tisa na mguu wa kushoto ambao sijui aliurithi wapi, maana katika ukoo wetu wote tunapiga kwa ugoko. Ni mshambulizi. Ameitwa na klabu moja ya Nairobi, ambayo sitaitaja, iliyomwahidi mshahara na chumba. Na ameambiwa pia kwamba akitaka, wapo watu wa jeshi ambao wangependa kumtazama. Jeshi huchukua vijana wa kati ya miaka 18 na 26, kwa hiyo umri anao. Cheti cha sekondari anacho. Nyumba nzima imegawanyika.

Dada yangu anataka jeshi. Amewaona vijana wa mtaani waliokwenda kucheza Nairobi wakarudi na jezi nzuri na deni la nyumba, kwa sababu mshahara wa kandanda katika klabu nyingi zetu huja kama mvua ya Turkana. Mwanajeshi hulipwa kila mwisho wa mwezi, afunge asifunge. Akivunjika mguu ana hospitali. Akifikisha miaka thelathini na mitano na pumzi zimekwisha, bado ana kazi.

Mpwa wangu anataka klabu. "Mama," alimwambia mbele yetu, "nikiingia jeshini nitakuwa mwanajeshi anayecheza mpira. Mimi nataka kuwa mchezaji." Na hofu nyingine aliisema baadaye, kwa sauti ya chini, tukiwa wawili tu: askari hupelekwa anakotumwa, na mipaka ya kaskazini si Kaptembwo.

Nilidhani mjomba angemvuta kijana upande wa Ulinzi kwa mikono miwili. Safu ya ushambulizi ina alama nne na nusu, na hapa mbele yake kuna mguu wa kushoto wa bure. Hakumvuta. Alimuuliza maswali mawili. La kwanza: ile klabu, mshahara wa mwezi uliopita waliwalipa wachezaji? Kijana akasema hajui. Akamwambia akawaulize wachezaji wenyewe, asiwaulize viongozi. La pili: wakati wa kuamka saa kumi usiku akifokewa na mtu ambaye hajawahi kugusa mpira, atavumilia? Kijana akafikiri, akasema labda.

"Labda si jibu la jeshini," mjomba alimwambia. "Kalale, utanijibu."

Alfajiri ya Jumatatu mpwa wangu aliondoka nami kwenda Nairobi, viatu vya mpira vimefungwa kwa kamba begani na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa amepanga kuonana kwanza na wachezaji wawili wa ile klabu. Bahasha ilikuwa ya mama yake; viatu vilikuwa vyake. Nilimpa kiti cha dirishani, safari hii upande wa kulia ili bonde liwe lake, naye alilala kabla ya Gilgil.

Mjomba alitusindikiza hadi stendi. Daftari lilikuwa kwapani, na sikuthubutu kuuliza kama kuna jina jipya la penseli ndani. Matatu ilipokuwa ikijaza abiria wa mwisho, alikuja dirishani akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, ukishuka Nyamakima unafikaje Lang'ata. Nikamwambia avuke mji kwa miguu hadi karibu na stesheni ya reli, atapata gari hapo.

"Stesheni naijua," akasema. Kisha akataka kujua kama kule Lang'ata wana kivuli upande wa jua la alasiri.