Walikuja Kutupokea Njiani

Katika Mathayo 24:20 Bwana Yesu anawaambia wanafunzi wake waombe ili kukimbia kwao kusiangukie majira ya baridi. Kwa miaka mingi mstari huo nilikuwa naupita haraka. Sisi tuliozaliwa Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, tunajua kukimbia. Baridi ndiyo hatukuijua. Mwaka 1996, nikiwa na miaka tisa, tulivuka ziwa usiku kwa boti ya mbao mpaka Kigoma, na kilichotutesa ni mawimbi, njaa na hofu. Kisha tukaishi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ambako majira ni masika na kiangazi. Mvua ikibomoa ukuta wa matofali mabichi, majirani wanakuja na udongo, na jioni ukuta umesimama. Basi kila niliposikia mstari ule ukisomwa kanisani kambini, nilijiuliza kwa nini Bwana ahangaike na majira. Mtu anayekimbia anakimbia tu.

Leo naishi Des Moines, katika jimbo la Iowa, na nimeelewa. Baridi ya huku haimwachi msafiri akae chini kupumzika. Ukipungukiwa na nguvu njiani, huwezi kulala chini ya mti ukasubiri asubuhi. Bwana alijua kwamba kuna safari ambazo mtu hawezi kuzimaliza mwenyewe, na ndiyo maana aliagiza ziombewe kabla. Nataka kuwashuhudia, ndugu zangu, jinsi safari yangu ilivyomalizwa.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Nyarugusu alishona sare za shule, magauni ya kwaya na suti za maarusi kwa mashine ya kukanyaga. Tulipohamishiwa Marekani mwaka 2016, tukapelekwa Dallas, Texas, alifanya kazi usiku kwenye bohari ili tulipe kodi ya nyumba na deni la tiketi za ndege, na mchana akashona. Alinunua cherehani ya kiwandani iliyotumika, nzito kama jiwe la kusagia, akaiweka sebuleni karibu na dirisha. Mstari wake wa moyoni ulikuwa Wafilipi 1:6, unaosema kwamba Mungu aliyeanza kazi njema ndani yetu ataikamilisha. Aliutumia hata kwa nguo. Suruali isiyopigwa pindo, alikuwa akisema, bado ni kitambaa.

Alifariki mwaka 2022 kwa ugonjwa wa figo. Aliacha watoto watatu, mkubwa akiwa na miaka 14, na gauni la kwaya juu ya mashine, limeshonwa kila mahali isipokuwa pindo. Nililikunja nikalitia kwenye mfuko. Watu wa kanisa walijaa nyumbani siku za matanga, wakapika, wakaimba, wakachanga. Namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini matanga huisha, na kila mtu ana kazi yake na watoto wake. Kwa muda mrefu sikuweza kuusoma Wafilipi 1:6 kwa sauti. Nikifika kwenye neno la kukamilisha, koo linakaza. Nilimuuliza Mungu ni kazi gani hiyo aliyoikamilisha, maana mimi nilikuwa naona mambo ya nusu tu kila mahali.

Mwishoni mwa 2023 kodi ilipanda, na mshahara mmoja haukutosha tena. Ndipo akanipigia simu rafiki wa mume wangu tangu kambini, ambaye alikuwa amehamia Des Moines. Aliniambia, "Shemeji, huku kuna nyumba ya bei nafuu, kuna kazi kwenye kiwanda cha nyama, na kuna sisi." Maneno hayo ya mwisho ndiyo niliyolala nayo. Niliomba kazi, nikakubaliwa, nikaambiwa nifike Jumatatu ya wiki ya nne ya Januari, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Mkataba wa nyumba ya Dallas nao ulikuwa unaisha. Majira hatukuyachagua sisi.

Tuliondoka Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri. Kaka yangu aliendesha lori la kukodi, mimi nikafuata na gari dogo pamoja na watoto. Kutoka Dallas hadi Des Moines ni barabara moja tu, namba 35, kama kilometa 1,100, pungufu kidogo ya reli ya Kigoma hadi Dar es Salaam. Tulivuka Oklahoma kukiwa na jua. Kansas tulikuta upepo unaopeperusha theluji kavu juu ya lami kama unga. Tulipopita Kansas City giza lilikuwa limeingia, na kaka akanipigia simu kusema kipasha joto cha lori kimekufa. Aliendelea kuendesha akiwa amejifunga blanketi kiunoni. Karibu saa mbili usiku, mahali paitwapo Bethany, kaskazini mwa Missouri, taa nyekundu iliwaka na injini ikaanza kukata. Alifaulu kutoka barabara kuu na kulisukuma lori mpaka kwenye kituo cha mafuta. Hapo likazima kabisa.

Simu ya kampuni iliyotukodisha ilipokelewa baada ya muda mrefu. Tuliambiwa gari la kuvuta litakuja kesho mchana. Nje ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Mtoto wa mwisho alikuwa analia kwamba vidole vya miguu vinamuuma. Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa zamu katika duka la kituo alituona kupitia kioo, akatoka bila koti, akatuvuta ndani. Duka lilikuwa lifungwe saa nne. Saa nne ilipofika aligeuza kibao cha mlangoni, akaacha taa zikiwaka, akakaa nasi.

Nilimpigia simu yule shemeji kumwambia wasitungojee na chakula. Hakunipa pole nyingi. Aliuliza mambo mawili: "Mko wapi hasa? Watoto wamekula?" Nilipomjibu akasema, "Msiondoke hapo," akakata.

Kutoka Des Moines hadi Bethany ni kama kilometa 160. Barabara kavu, hiyo ni chini ya saa mbili. Usiku ule, kwa sababu ya barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami, iliwachukua karibu saa tatu. Walikuja wanaume wanne, kwa gari moja dogo na pikapu yenye tela. Wawili walikuwa wametoka kazini moja kwa moja, bado wana buti za kiwandani. Walileta makoti ya watoto, mablanketi, chupa mbili za chai ya maziwa na mfuko wa maandazi ambayo wake zao walikuwa wamewakaangia haraka. Walimmiminia chai yule mama wa dukani kwanza. Kisha wakasimama, wakashikana mikono, mmoja akaomba maneno machache, wakafungua mlango wa lori.

Walitoa vile tutakavyohitaji usiku huo: magodoro, sufuria, nguo za watoto. Mmoja wao akasema atabaki na kaka yangu kwenye moteli ya jirani mpaka gari la kuvuta lije, ili asiwe peke yake. Yule shemeji akaona cherehani imefungwa kwa shuka. Nikamwambia hiyo ikae, ni nzito, itakuja na lori kesho. Akatikisa kichwa. "Suti niliyofungia ndoa ilitoka kwa mikono yake," alisema. "Hii hailali njiani." Waliifungua kutoka kwenye meza yake, akaibeba begani mwenyewe mpaka kwenye pikapu.

Tulifika Des Moines saa tisa usiku. Nyumba ilikuwa na joto. Walikuwa wameomba ufunguo kwa msimamizi siku moja kabla, wakawasha kipasha joto, wakaweka mchele na mafuta jikoni. Jumamosi jioni kaka alifika na lori lingine, na nilipochungulia dirishani niliona watu kama 20 wamesimama kwenye theluji: Wabembe, Wafuliiru, Warundi, na jirani mmoja Mwiowa ambaye hakuna aliyemwita. Vijana walimwaga chumvi kwenye ngazi za nje ili barafu iyeyuke. Mimi nilijua chumvi ya mboga na chumvi ya samaki. Siku ile niliona chumvi inayomzuia mtu asianguke, nikakumbuka kwamba Bwana alisema sisi ni chumvi ya dunia. Walijipanga ngazini, mzigo ukapita mkono kwa mkono mpaka ghorofani. Kwa saa moja na nusu lori lilikuwa tupu. Akina mama walikuwa wameshasonga ugali, na harufu ya sombe na ndagala ilijaa nyumba ambayo nilikuwa sijalala humo hata usiku mmoja mzima.

Nilitoa bahasha niliyokuwa nimeitengea safari, nikataka kuwapa angalau pesa ya mafuta. Mzee wa kanisa akairudisha mikononi mwangu. "Mama," alisema, "sisi tulipofika tulipokewa. Hili deni hulipwi wewe, na sisi hatukudai." Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mlangoni pa kiwanda.

Baadaye nilisoma tena Matendo ya Mitume sura ya 28, nikaona mambo ambayo sikuyaona nikiwa Nyarugusu. Paulo naye alisafiri majira mabaya. Merikebu ilivunjika, akatupwa pwani ya Malta, na watu wasiomjua wakawasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Luka haandiki jina la hata mmoja wao aliyekusanya kuni, lakini ameandika fadhili yao, na mimi nafikiri ameandika pia habari za mama mmoja wa kituo cha mafuta. Majira ya baridi yakapita, Paulo akaendelea kwenda Rumi akiwa mfungwa, amechoka. Ndugu wa Rumi waliposikia, hawakumngojea mjini. Walitoka kumpokea mpaka Soko la Apio na Mikahawa Mitatu. Soko la Apio lilikuwa mbali na Rumi kama kilometa 65, na hao hawakuwa na pikapu. Mstari wa 15 unasema Paulo alipowaona alimshukuru Mungu akapata moyo.

Fikirini jambo hilo. Huyu ni mtu aliyemwona Bwana katika njia ya Dameski. Katikati ya dhoruba malaika alisimama karibu naye na kumhakikishia kwamba atafika. Hata hivyo, kilichompa moyo kilometa zile za mwisho ni nyuso za ndugu barabarani. Mungu hakuona haya kumtia mtume wake nguvu kwa njia hiyo. Ahadi ilitoka mbinguni. Miguu iliyoitimiza ilitoka Rumi.

Hivyo ndivyo Wafilipi 1:6 uliponirudia. Nilikuwa nimengoja Mungu akamilishe kazi yake kwa namna ambayo sikuijua, pengine kwa kunipa maelezo ya kifo cha mume wangu. Maelezo sijapewa. Bado namlilia, na kuna siku nyumba hii huwa kimya mno. Lakini nilipewa watu wanne Bethany saa tano usiku. Wiki ya pili baada ya kufika, mama mmoja wa kwaya alikuja Jumatano, siku ambayo hakuna aliyemtegemea mgeni. Aliuona mfuko, akauliza kilichomo. Nilimwonyesha gauni. Akalikunjua magotini, akaomba sindano, akalipiga pindo kwa mkono huku tukizungumza habari za watoto. Alipokata uzi, niliusoma mstari ule kwa sauti, mpaka mwisho.

Wapendwa, kila mwaka familia zinafika katika mji huu Desemba, Januari, Februari, kwa sababu mikataba ya nyumba na kazi haiulizi majira. Wengi wataanza safari wakiwa wamesindikizwa vizuri. Penye shida ni mwishoni: pesa zimekwisha, mwili umechoka, na wale waliokusindikiza wako mbali. Tukisikia kuna mtu yuko njiani, tusimwambie tu kwamba tunamwombea, ingawa tumwombee. Tumuulize yuko wapi hasa, na kama watoto wamekula. Tuwe na koti la ziada ndani ya gari. Tuwashe joto nyumbani mwake kabla hajafika. Na mizigo ikishapanda na sufuria zikishaoshwa, mmoja wetu arudi Jumatano.

Tuendelee kuomba kama Bwana alivyoagiza, kukimbia kusiwe wakati wa baridi. Na kukiwa wakati wa baridi, wenye magari wajaze mafuta.