Jua la Asubuhi Litein

Mwalimu alizihesabu noti zake mara mbili juu ya kaunta, akazirudisha kwenye bahasha, bahasha akaitia mfukoni. Hakusema neno. Ilikuwa katikati ya mwaka 1993, nami nilikuwa kijana wa miaka 22, fundi wa sola katika duka moja mjini Litein, Kericho. Januari alikuwa amekuja kuulizia paneli ya wati 40, nikamwandikia bei kwenye kipande cha karatasi. Alikitunza. Siku ile alikitoa kikiwa kimekunjwa mara nne, akakinyoosha kwa kidole gumba, akaniangalia. Paneli ileile sasa ilikaribia mara mbili ya bei niliyomwandikia kwa mkono wangu.

Si kwamba tulimlangua. Wafadhili walikuwa wamezuia misaada tangu Novemba 1991 wakidai mageuzi, na serikali ya Rais Moi ikawa inalegeza udhibiti wa fedha za kigeni. Dola iliyokuwa karibu shilingi 36 mwanzoni mwa 1993 ilivuka 60 mwaka haujafika mbali. Paneli zote zilitoka ng'ambo na zililipiwa kwa dola. Mshahara wa mwalimu ulitoka Nairobi kwa shilingi, na haukusogea.

Miezi michache baadaye bonasi ya majani chai ikalipwa. Jirani wa mwalimu, mzee aliyekuwa akipeleka majani kwenye kituo cha shirika la chai la KTDA, alifika dukani na mwanawe mkubwa. Akachukua paneli ya wati 40, betri, waya na taa mbili, akalipa bila kuvutana bei. Chai yetu hupigwa mnada Mombasa na wanunuzi wake wako nje ya nchi, kwa hiyo dola ilipopanda, kila kilo ya chai ilirudi na shilingi nyingi zaidi. Upepo uliomwangusha mwalimu ndio uliomwinua jirani yake, na kati yao kulikuwa na ua mmoja tu wa michongoma.

Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 30, na hadi leo watu huniambia kwamba jua ni la bure. Jua sijawahi kumuuzia mtu. Niliuza paneli, betri, waya na taa, na bei ya kila kimoja iliamuliwa mbali sana na Litein.

Nilikwenda kumfungia mzee paneli yake siku ya Jumamosi. Nyumba ilikuwa ya mbao na mabati, na nyuma yake michai ilishuka hadi mtoni. Nikaielekeza paneli upande wa mashariki kidogo. Mzee akasimama chini ya ngazi, mkono juu ya macho.

“Weri,” akaniita, “jua la saa tisa liko upande ule. Mbona umelipa mgongo?”

“Mzee, saa tisa huku kuna jua?”

Akacheka. Mwenyeji wa Kericho hahitaji kuelezwa zaidi. Asubuhi anga huwa safi, saa saba au nane mawingu hupanda, halafu ni mvua, na mara nyingi mvua ya mawe. Paneli ya huku hula asubuhi. Niliiinamisha pia, ingawa tuko karibu na ikweta na ingeweza kulazwa bapa, ili maji yateleze na majani ya mkaratusi yasilale juu yake.

Kabla ya siku ile mzee alikuwa na televisheni ndogo ya Great Wall, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari. Kila wiki kijana wake aliipeleka betri mjini kuchajiwa, kwa matatu, ameishika katikati ya magoti. Suruali zake zote zilikuwa na matundu ya asidi. Jioni ile betri haikwenda popote. Sebule ilijaa watu, na watoto wa mwalimu walikaa mbele kabisa, sakafuni, KBC ikionyesha Vitimbi.

Taa moja niliifunga sebuleni na nyingine chumbani. Jikoni, kwenye nyumba ya pembeni ambako mama alikuwa akitupikia chai, waya haukufika. Mzee alisema betri haitatosha, na kweli isingetosha ikiwa televisheni itawaka saa tatu au nne kila usiku. Mama akaendelea na koroboi yake ya mafuta ya taa. Nilifunga nyumba nyingi kwa mpangilio huohuo na nikanyamaza. Naona sasa kwamba nilipaswa kusema, kwa sababu fundi ndiye aliyejua kuwa taa ya tatu ilihitaji tu televisheni izimwe mapema kidogo.

Serikali haikutia hata senti katika paneli ya mzee yule. Mpango wa Umeme Vijijini ulikuwapo tangu 1973, lakini nyaya zake zilifuata shule, viwanda na masoko, na wachache sana vijijini waliunganishwa. Ushuru wa forodha wa paneli nao ulipanda na kushuka. Kila Juni, siku ya bajeti, tajiri wangu aliegemea kaunta, redio kando yake, akimsikiliza Waziri wa Fedha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuuza kitu siku hiyo. Wateja waliopita aliwaambia warudi kesho, bei itakuwa imejulikana.

Hata hivyo soko lilikua, na lilikuzwa na watu wa aina ya yule mzee: wenye chai, wenye kahawa, na walimu waliobahatika kununua kabla ya dola kupanda. Kufikia mwisho wa miaka ya 90, zaidi ya nyumba 100,000 nchini zilikuwa na sola, karibu zote zikiwa zimenunuliwa kwa fedha taslimu. Kwa wasio na uwezo wa wati 40 zilikuja paneli za kioo za wati 12, ambazo hupungua nguvu kidogo miezi ya kwanza hata zikiwa nzuri. Tatizo ni kwamba nyingine hazikuwa nzuri. Niliuza paneli za chapa moja kwa wiki kadhaa, na kabla mwaka haujaisha wateja walizirudisha wakiwa wamezifunga kwa shuka, kama mtu anayebeba mgonjwa. Mwaka 1999 watafiti, wakiwemo Arne Jacobson na Daniel Kammen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizipima paneli za namna hiyo Kenya wakaona tofauti kubwa kati ya chapa na chapa. Mnunuzi alisoma wati zilizoandikwa nyuma, na hakukuwa na mtu wa serikali aliyezihakiki.

Mwaka 2000 ukame ulikausha mabwawa ya Tana na umeme ukawa wa mgao. Litein mjini kukawa giza, na vijijini juu ya kilima nyumba za sola zikawaka. Wiki zile tuliuza kuliko wakati mwingine wowote ninaoukumbuka. Kisha wanasiasa wakarudi na ahadi za nguzo. Ada ya kuunganishiwa stima ilikuwa shilingi 35,000 kwa miaka mingi, na mtu aliyeahidiwa nguzo hununua mshumaa, hanunui paneli.

Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza sola kwa mkopo, mteja akilipa kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa, na watu wasio na bonasi wakapata taa kwa mara ya kwanza. Mwaka 2014 Williamson Tea walijenga mtambo wa megawati 1 shambani Changoi, nami nilikwenda kuutazama kutoka barabarani, safu kwa safu kama michai yenyewe. Kodi ya VAT iliwekwa kwenye vifaa vya sola mwaka 2013 na kuondolewa 2014. Nikadhani jambo hilo limekwisha.

Julai 2020 ikarudi, asilimia 14. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Mama mmoja mchuma chai alikuja dukani kwangu, sasa duka likiwa langu, na shilingi 20,000 kamili, bei ya paneli na taa niliyompa mwezi Mei. Binti yake alikuwa darasa la nane na alitaka kusoma usiku. Nilimwambia sasa ni 22,800. Akazihesabu noti zake tena, taratibu, kama mwalimu wa 1993. Nilitaka kumkopesha, lakini mimi mwenyewe nilikuwa na deni Nairobi. Akaondoka na tochi.

Kodi iliondolewa Julai 2021. Alirudi Agosti, nikampandishia paneli mwenyewe, nikaielekeza mashariki, na taa ya kwanza nikaifunga jikoni. Nikauliza meza ya binti iko wapi ili nimwekee ya pili. Akaniambia mtihani ulifanywa Machi.