Mwache Ajenge



Bi harusi wa kwetu hufundwa mengi: kupika, kufukiza udi, kutandika kitanda, kumpokea mume na wageni wake. Huingia kwenye sebule mpya, makochi mapya, mapazia yaliyopatana na zulia. Jambo moja halisemwi sana: inshaallah, baada ya miaka michache patakuwa na mtoto kwenye sebule ile, naye ataishusha mito yote chini ajengee nyumba. Sisi tunaolea watoto wadogo tunasema: mwache ajenge.

Hatusemi hivyo kwa kudekeza. Mtoto anayepanga kopo juu ya kopo yuko kazini. Kwanza hubeba vitu na kuvimwaga tu. Kisha hupanga mnara, ukianguka hucheka na kuanza tena. Baadaye hulaza kitu kimoja juu ya viwili, akapata daraja. Halafu huzungusha ua, na siku moja hukwambia, "Hii nyumba ya bibi, mlango wake huu." Ameshajifunza uzito, urefu, hesabu na subira, na hakuna aliyemkalisha kitako kumsomesha.

Uani kwetu kuna binti wa miaka minne aliyejenga kuta mbili za vifuu, akataka kuziezeka kwa vijiti. Vijiti vikawa vifupi, kila akiviweka vinatumbukia. Akanuna, akazunguka, mwisho akausogeza ukuta mmoja karibu na mwenziwe. Vijiti vikafika. Mafundi wa Mji Mkongwe walikabiliwa na jambo hilo hilo: dari za nyumba zile zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki chumba kipana. Ndiyo maana vyumba vingi vya zamani ni virefu na vyembamba.

Tumemtaja binti kwa makusudi. Wasichana wetu hupewa vijungu vya kupikia, wavulana wakaachiwa mchanga na mawe. Wote wapewe vyote. Kijana aonje kupika, na msichana ajue kusimamisha ukuta.

Vifaa havihitaji duka. Vifuu vilivyosuguliwa, maboksi ya dawa ya meno na biskuti, makopo yasiyo na makali. Kanga mbili na viti vinne ni hema tayari. Pwani, mwache agundue mwenyewe kwamba mchanga mkavu haushiki, uliolowa kiasi husimama, na maji yakizidi ukuta huporomoka. Vizibo na vitu vidogo vya kuweza kumezwa wasipewe walio chini ya miaka mitatu. Wasichezee rundo la ujenzi lenye chokaa au saruji, huunguza ngozi na macho. Wala wasichimbe shimo la kuingia mwili, mchanga hufukia.

Na vurugu je, mama mkwe akibisha hodi? Tumechagua kona moja, tumetandika mkeka, na kinachojengwa hukaa juu ya mkeka. Kabla ya Magharibi kila kitu hurudi kapuni, na anayerudisha ni mtoto mwenyewe, si dada wa kazi. Jengo likiwa halijakamilika tunaliacha hadi asubuhi. Mgeni muungwana hakwazwi na nyumba ya vifuu.

Gumu zaidi kwetu ni kunyamaza. Mkono huwasha kunyoosha mnara uliopinda. Tunajikumbusha kisa cha Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, na farasi wake wa kuchezea mwenye mbawa. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumwambia kuwa farasi hana mbawa. Alimuuliza ni nini kile, akasikiliza jibu lake, akacheka. Nasi tuulize: "Nani anakaa humu? Mvua ikija je?" Kisha tusikilize.

Simu hunyamazisha mtoto haraka, tunajua, na kuna siku mama amechoka. Lakini Nabii Ibrahim aliinua kuta za Al-Kaaba huku mwanawe Ismail akimletea mawe. Mtoto aliyezoea kubeba, kupanga na kuanza upya, kesho atatusaidia kazi zilizo nzito kuliko vifuu.

Allah atujaalie watoto wema, macho ya kuburudika nao na moyo wa kuwavumilia. Amin.