Nyuzi nyembamba zilivyoniumbua jukwaani

Msomaji wangu, wiki hii tuweke kando yale ya mapenzi nikupe yangu ya besi. Utacheka, lakini siku ile mwenzio sikucheka.

Napiga besi kwenye bendi ya dansi, ndogo tu, ila hatulali njaa. Nyuzi zangu zilipochakaa niliingia duka moja Kariakoo, nikabonyezabonyeza seti zote, nikachukua nyembamba kuliko zote: 40 hadi 95. Namba hizo ni unene kwa elfu za inchi. Laini kama siagi! Vidole vinateleza, nikajiona bingwa.

Basi bwana, mwimbaji wetu ni mtu mzima na sauti imeanza kumkimbia. Jumamosi ile, kabla hatujapanda jukwaani, akanivuta pembeni. "Mwanangu, shusheni toni moja nzima. Kule juu sifiki tena."

Mzee akikwambia neno kama hilo utabisha nini? Tukashusha.

Wenye solo na ridhimu shwari. Mimi sasa! Uzi mnene wa E ukiushusha hadi D, unapoteza kama moja ya tano ya mvutano wake. Wangu ulikuwa mwembamba tangu mwanzo, ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nikiugusa unagonga shingo ya gitaa, krrr! Mzee anaimba huku anaitafuta besi haioni, anatoka nje ya wimbo. Watu wakaguna, wakidhani yeye ndiye kachoka. Hapo ndipo paliponiuma.

Jumatatu nikarudi dukani na hela ya kuazima. Nikachukua seti ambayo uzi wake wa chini ni 110, tena zile bapa, zilizozungushiwa utepe badala ya waya wa mviringo. Hazikwaruzi, na mlio wake ni mzito, wa kizamani. Hata James Jamerson, mpiga besi wa Motown kule Detroit, alipigia nyuzi nene za bapa.

Wiki ya kwanza malengelenge matupu! Fundi naye akanipanulia vile vijifereji vya kichwani mwa gitaa, maana uzi mnene haukukaa.

Jumamosi iliyofuata mzee akaimba kama kaegemea ukuta. Aliposhuka hakusema kitu, akaniagizia soda baridi.

Kwa hiyo wewe unayeanza besi, kabla hujatoa hela yako jiulize mtapigia sauti gani, na nani anakuegemea. Vidole vitazoea tu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.